Muhuri Uliogongwa Mapema

Waliomfahamu Jocelyne hapa Johannesburg walimjua kwa jambo moja: hakuamini safari isiyo na muhuri. Binti yake, Denise, aliwahi kwenda Durban na wenzake wa chuo, na aliporudi mama alimwuliza, "Na huko njiani mligongewa wapi?" Denise alicheka mpaka akakaa chini. Akajibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto waliokulia hapa, kwamba Durban ni Afrika Kusini ileile.

"Ninajua," mama akasema kwa Kiswahili. "Ninauliza tu."

Jocelyne alizaliwa Likasi, lakini ujana wake aliumalizia Kasumbalesa, pale Kongo inapokutana na Zambia. Alikuwa wakala wa forodha. Pale Kasumbalesa, mtu si tatizo. Wanawake wa pande zote mbili huvuka kwa miguu kutwa, kichwani unga na mafuta, mkononi kijikaratasi kidogo, na wengine hata hicho hawana. Wanamsalimu askari kwa jina la mtoto wake na kupita. Kinachosimamishwa ni mzigo. Lori huweza kulala pale hadi dereva akapata mchumba. Basi katika kichwa cha Jocelyne mpaka ulikuwa habari ya mzigo. Mtu hupita, mzigo hulala. Alikua na jambo hilo kama mtu anavyokua na lugha ya mama yake, bila kujua kwamba amefundishwa.

Lipo jambo la pili alilolipata huko. Kati ya lango la Zambia na lango la Kongo kuna kipande cha barabara ambacho ni kama hakina mwenyewe. Dereva aliyekwisha kugongewa muhuri wa kutoka huku, kisha akakataliwa kuingia kule, hukwama hapo na lori lake, hana nchi. Jocelyne aliwaona wengi. Wapo waliopiga kelele, wapo waliotafuta wakubwa, na wote hao walikaa. Waliotoka ni wale waliorudi polepole kwa askari yuleyule aliyewagongea, kabla hajamwachia mwenzake zamu, wakamwomba afute alichokiandika. Mkono uliogonga ndio unaofuta. Mkono mwingine utaogopa.

Alifika Johannesburg mwishoni mwa 2007, akapanga chumba Alexandra. Mei iliyofuata, wageni walipoanza kushambuliwa, aliondoka huko mbio, Denise mkono mmoja na sufuria mkono wa pili, akaishia Doornfontein, katika ghorofa iliyojaa mafundi cherehani na wanafunzi. Karatasi yake ya hifadhi ilikuwa ya kuhuishwa kila baada ya miezi sita. Kwa karatasi ile, mwanamke aliyevusha malori nusu ya maisha yake hakuweza hata kwenda Likasi kumzika mama yake na kurudi. Hilo hakulizungumza. Alikwenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kwa Burhani, mtu wa Tanga mwenye ofisi ya safari Mayfair, karibu na msikiti na maduka ya Wasomali. Burhani alikuwa akipeleka watu umra. Mmoja wa mahujaji wake, daktari, alikuwa na ndege yake ndogo, na siku moja alimwuliza kama angeweza kumtafutia kibali cha kuruka hadi Botswana. Burhani hakuwa mtu wa kukataa kazi. Daktari akaleta rafiki zake, rafiki wakaleta rafiki, na punde ofisi ya umra ikawa pia ofisi ya marubani wa starehe, watu wenye kazi zao za wiki nzima ambao Jumamosi hurusha ndege za viti vinne kutoka viwanja vidogo vya kandokando ya jiji. Burhani alipohitaji mtu wa kuandika Kifaransa kwa ajili ya vibali vya anga ya Kongo na Gaboni, ndipo akampata Jocelyne.

Jocelyne aliwafundisha marubani wale jinsi ya kuvuka Afrika. Vaa shati jeupe lenye mistari mabegani, hata kama wewe ni daktari wa meno. Chonga muhuri wako mwenyewe, kwa sababu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Na zaidi ya yote, uwanjani usisubiri kuitwa. "Muhuri ni kama mkate wa asubuhi," aliwaambia. "Ukichelewa, umekwisha. Fika, uutafute, ugongewe, ndipo utafute chai." Walimsikiliza, na hakuna aliyepata kukwama.

Hivyo ndivyo alivyompata Moffat, au Moffat alivyompata yeye.

Moffat alikuwa Mkenya, mtu wa Meru, mwenye cheo katika benki moja ya Sandton. Alijifunza kurusha ndege baada ya kutimiza miaka hamsini. Mkewe, Rispah, alikataa kupanda na mumewe mwaka mzima wa kwanza, kisha akapanda mara moja, na tangu hapo akawa yeye ndiye anayeuliza Jumamosi wanakwenda wapi. Binti yao, Kawira, alikuwa akifanya kazi kusini mwa Ujerumani, na Juni ya 2018 alikuwa anaolewa huko na Mjerumani. Wazazi walitaka kutangulia wiki nzima. Wangekodi ndege ndogo, kwa kuwa leseni ya Moffat ilikuwa imekwisha kuthibitishwa na Wajerumani, wazunguke Uswisi na Italia, walale siku mbili katika kisiwa kimoja cha Kroatia ambacho Rispah alikiona kwenye picha, kisha warudi Ujerumani kabla ya harusi ya Jumamosi.

"Mama Denise, wewe panga tu," Moffat alimwambia. "Mimi kazi yangu ni usukani."

Jocelyne alipanga. Yaani alijaribu. Alizoea bara ambalo nchi ina mlango wake, na mlango una askari. Ulaya hii ilimchanganya. Uwanja mmoja ulitaka taarifa siku moja kabla, wa pili ulitaka simu tu, wa tatu ulikuwa na mtu wa forodha siku za kazi pekee, Jumapili huna haki ya kutua na hata jibini. Kuna mipaka ambayo unaivuka na hakuna anayetaka kuona pasi yako, lakini mpango wa safari ya ndege lazima uuandike na kuutuma kabla ya kuruka, mahali unapotoka, unapopita na unapokwenda.

"Bwana Burhani," aliuliza, "kama hakuna wa kukuuliza pasi, huo mpango ni wa kumwonyesha nani?"

"Wa hao watakaokutafuta ukianguka, bibie."

Hilo lilimwingia. Mengine hayakumwingia, na alipozidiwa alirudi kwenye kitu anachokijua, yaani mzigo. Aliuliza juu ya kila nchi swali moja: je, imo ndani ya umoja wao wa forodha? Uswisi haimo. Basi hapo ndipo penye kazi. Kroatia imo tangu 2013. Basi hapo ni kama kutoka chumba kwenda sebuleni. Kwenye nakala ya visa zao aliona imeandikwa 01, idadi ya kuingia, naye hakushtuka. Wanaingia Ulaya mara moja, na Kroatia si iko Ulaya?

Uswisi aliikamia kama mwalimu wa mtihani. Aliwaita mume na mke ofisini siku mbili kabla ya safari, akataka kujua Rispah amefunga nini.

"Majani ya chai. Viondo viwili vya Kawira na mama mkwe wake," Rispah alisema. "Na biltong kidogo."

"Biltong itoke."

"Biltong nayo ina kosa gani?"

"Ni nyama, Maman. Ulaya nyama ya wageni haiingii kabisa, na ikiingia kwa bahati, Uswisi wataikuta."

"Wataijuaje? Imekauka kama kiatu."

"Mbwa wao wanajua."

Moffat alicheka. "Mama Denise, ungekuwa polisi wewe tungekoma."

Biltong ilibaki mezani kwa Burhani, ambaye aliuliza kwanza ni ya ng'ombe gani na amechinjwa na nani, kisha akaipeleka kwa mlinzi wa jengo.

Waliondoka. Jumatatu Moffat alipiga simu kutoka Uswisi. Mtu wa forodha aliangalia viondo, akavisifu, akawatakia siku njema.

"Na pasi?" Jocelyne aliuliza.

"Hakuiangalia."

"Hakugonga?"

"Hakugonga. Nilimpelekea mkononi, akanirudishia. Nilikuwa nimevaa shati langu la mabega na yote. Mtu wa mafuta aliniuliza mimi ni wa shirika gani."

Jumanne Italia, yaleyale. Forodha ilitazama, pasi hakuna aliyeitaka. Jocelyne hakupenda. Mipaka miwili, na hakuna hata doa la wino! Lakini yaliyokuwa magumu yalikuwa yamekwisha, na mchana ule alituma taarifa kwa uwanja wa kile kisiwa cha Kroatia, majina, uraia, namba za pasi na saa ya kufika, akaenda nyumbani akiwa na moyo mwepesi.

Jumatano asubuhi alifungua barua pepe na kukuta jibu. Liliandikwa kwa adabu. Abiria ni raia wa Kenya, lilisema. Tafadhali thibitisheni kwamba visa zao za Schengen ni za kuingia mara mbili au zaidi. Zikiwa za mara moja, polisi wa mpaka hawatawaruhusu kuingia.

Alilisoma, akalisoma tena. Akatoa nakala za visa, akaiona ile 01 imekaa palepale.

"Bwana Burhani," aliita. "Njoo unisomee hapa. Nadhani sielewi Kiingereza leo."

Burhani alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. "Wanatoka Italia kwenda Kroatia?"

"Ndiyo. Na Kroatia imo. Mzigo unapita bure."

"Mzigo, bibie. Na watu?"

"Watu?"

"Ulaya ile si nyumba moja yenye ua mmoja," Burhani alisema. "Zipo nyua mbili, zimepandiana. Mmoja wa mizigo, mmoja wa watu, huo wanaouita Schengen. Uswisi imo ndani ya ua wa watu, iko nje ya ule wa mizigo. Kroatia ni kinyume chake."

Jocelyne alimtazama. "Nani aliwajengea hivyo?"

"Waulize wao."

"Kwa hiyo wakiruka Italia, wametoka?"

"Wakigongewa muhuri wa kutoka, wametoka. Na visa yao ni ya kuingia mara moja, na mara moja yao waliitumia siku waliyotua Ujerumani. Kule kisiwani watakataliwa, na kurudi hawawezi." Burhani alishika kichwa. "Mimi nilipaswa kulijua! Watu wangu wa umra wako juu angani, rubani anawatangazia kwamba wanakaribia mikati, mpaka wa mahujaji, wavae ihramu. Hakuna lango pale, hakuna hata mlingoti, ni mawingu. Lakini ukipita hujavaa, umepita hujavaa. Mpaka uko palepale, uuone usiuone. Leo siku ya ngapi?"

"Jumatano."

"Na harusi Jumamosi."

Jocelyne alikuwa amekwisha kushika simu. Saa ya Johannesburg na ya Italia ni moja majira yale, kwa hiyo alijua kwamba kule pia ni asubuhi, na kwamba Moffat, mwanafunzi wake mzuri, hapendi kuchelewa. Simu ya Moffat iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Akampigia Rispah.

"Habari ya asubuhi, Mama Denise!" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio wa vikombe. "Niko hapa nanunua mkate. Hawa watu wana mkate..."

"Maman, pasi yako iko wapi?"

"Kwa mkoba."

"Imegongwa?"

"Bado. Baba Kawira ametangulia kwa ofisi ya polisi, unajua vile yeye huharakisha. Ndiye yule anatoka. Ananiita niende."

"Usiende!"

"Eh?"

"Usiende, Maman, kaa hapo ulipo! Mpe simu Papa Moffat."

Zikasikika hatua za mtu anayetembea, kisha sauti ya Moffat, yenye furaha tele.

"Mama Denise! Leo utanipenda. Hawa polisi walikuwa hata hawajafungua dirisha. Nikabisha, nikawaambia mimi ni rubani, naenda Kroatia, nataka muhuri wangu. Wakashangaa, lakini wakagonga. Muhuri wa kwanza tangu tuingie huku! Nimewahi kama ulivyonifundisha."

Jocelyne alifunga macho. Burhani, aliyekuwa ameinamia ile simu, aliyafunga pia.

"Papa Moffat," alisema, "nisikilize. Usipande ndege."

Alimweleza. Haikuwa rahisi, kwa sababu alikuwa anamweleza jambo alilolijua kwa muda usiofika wa kuchemsha chai. Nyua mbili, mizigo na watu, ile 01. Moffat aliuliza maswali ya mtu wa benki, na kila swali lilimwonyesha Jocelyne kitu kingine asichokijua.

"Subiri, subiri. Uswisi si haiko kwa Umoja?"

"Haimo."

"Na tukaingia bila pasi?"

"Ndiyo."

"Na Kroatia iko kwa Umoja?"

"Imo."

"Na haturuhusiwi?"

"Hamruhusiwi."

"Wacha! Sasa Rispah hajagongewa na mimi nimegongewa. Rispah yuko wapi?"

"Yuko Ulaya."

"Na mimi niko wapi? Si nimesimama naye hapa, ameshika mkate?"

Jocelyne alikiona kile kipande cha barabara cha Kasumbalesa, malori yamejipanga, madereva wamekaa kivulini chini ya magurudumu yao. "Uko katikati, Papa," alisema.

Rispah alisikika pembeni, sauti imepanda. "Ati yuko katikati? Katikati ya nini? Baba Kawira, nilikwambia ungoje tukunywe chai kwanza! Na hiyo shati yako! Bila hayo madude ya mabega si wangekuuliza visa yako ikoje? Umejipeleka mwenyewe kama mbuzi anakimbilia bucha. Na mtoto atatembea na nani kanisani Jumamosi? Na mimi?"

"Rispah, tafadhali..."

"Ni mimi, Maman," Jocelyne alisema kwa nguvu ili wote wasikie. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia awahi, na mimi ndiye niliyeangalia mizigo nikawasahau ninyi. Baadaye mtanisema. Sasa nisikilizeni, kwa sababu nchi ile siijui, lakini askari wa mpaka namjua. Huyo aliyegonga bado yuko?"

"Yuko. Ni kijana mwenye miwani."

"Zamu yake inaisha saa ngapi?"

"Nitajuaje?"

"Basi usingoje kujua. Rudini kwake, yeye yeye. Mkikuta mwingine, msimpe pasi, muulizeni mwenye miwani. Msimtafute mkubwa. Msitaje wakili, msitaje ubalozi. Vua hayo ya mabega, Papa. Maman ndiye azungumze. Kadi ya harusi unayo?"

"Ninayo kwa mkoba. Ina picha yao."

"Mpe aione picha kwanza, kabla ya pasi. Mwambie safari imevunjika, hamwendi tena, hamjaondoka, mnaomba afute alichoandika. Akikataa, msibishane. Kaeni hapohapo mbele ya dirisha lake."

"Na hiyo itafanya kazi Italia?" Moffat aliuliza.

"Sijui," Jocelyne alisema. "Kasumbalesa ilifanya."

Simu ilikatika. Burhani alisema Waitaliano nao ni binadamu na wana mama zao. Kisha akasema labda wapige simu ubalozini. Kisha akasema la, wasipige. Alikwenda dirishani, akarudi, akampa Jocelyne kikombe cha chai ambacho hakikuwa na majani.

Jocelyne alifanya lile moja alilokuwa na hakika nalo. Alifuta mpango wa safari ya Kroatia, kwa sababu mpango ukiachwa hai na ndege isifike, watu watatoka na boti kumtafuta Moffat baharini naye yuko polisi. Akawaandikia wa kisiwani kuwashukuru na kuwaomba radhi. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Alijiuliza kama kweli mtu anaweza kuwa amesimama mahali na asiwepo. Wino ule haukumsogeza Moffat hata hatua moja. Na bado, akitoka pale bila kufutiwa, binti yake atapita katikati ya kanisa peke yake. Yeye mwenyewe alipofiwa na mama alikuwa na miguu, alikuwa na nauli. Alikosa nini? Alikuwa amejiuliza hivyo miaka mingi, na asubuhi ile alijiuliza tena.

Simu ilipoita, ilikuwa ya Rispah.

"Mama Denise." Alikuwa analia, au anacheka. "Yule kijana naye alichanganyikiwa kutushinda. Ati hajawahi kuombwa hivyo. Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine kwa simu, wakaongea na mikono yote. Mimi nikakaa tu hapo kwa dirisha na kadi yangu. Yule mwingine akataka kuchukua pasi aende nayo ofisi ya nyuma, nikasema hapana, huyu wa miwani. Nikamshika hata na mkono. Akaangalia picha tena. Akauliza ni binti yetu wa ngapi. Nikamwambia ni mmoja."

"Halafu?"

"Halafu akachora mstari juu ya muhuri, kuvuka, hivi na hivi. Akaandika neno. Akatia sahihi."

"Alifuta?"

"Alifuta! Baba Kawira amerudi Ulaya. Amekaa kwa ngazi hapa anamaliza mkate."

Burhani alisema alhamdulillahi mara nyingi. Jocelyne aliuliza neno lililoandikwa linasemaje, na Rispah akamsomea herufi kwa herufi, naye akaliandika kwenye daftari lake chini ya tarehe. Lilifanana na neno la Kifaransa la kufuta. Lilikuwa ndilo.

Safari ya kisiwani ilikufa. Moffat alisema hataki tena kuona bahari yoyote. Alitaka kwenda kwa mtoto wake kwa njia isiyo na dirisha la polisi hata moja. Basi Jocelyne akaandika mpango mpya kutoka Italia, juu ya milima, juu ya Austria bila kutua, hadi uwanja mdogo karibu na mji wa Kawira. Nchi tatu, mipaka miwili, zote ndani ya ua wa watu na ndani ya ua wa mizigo. Aliutazama mpango ule kwa mashaka. Alimwuliza Burhani kama kweli hakuna hata taarifa ya kumpa mtu. Burhani alisema hakuna. Aliuliza tena. Kisha aliwapigia wa uwanjani kwenyewe Ujerumani, na mwanamke aliyepokea hakuelewa hata swali.

Alasiri Moffat alipiga simu.

"Tumetua, Mama Denise. Unaweza kuufunga mpango."

"Mmekutana na nani?"

"Hakuna. Uwanja ni wa nyasi. Kuna mzee mmoja anakata majani na mashine."

"Huyo mzee ni wa forodha?"

"Ni wa majani."

"Hakuuliza kitu?"

"Alituambia tusiegeshe ndege hapo alipokuwa hajakata." Moffat akaendelea. "Kule juu ya milima nilikuwa natafuta, unajua? Rispah alikuwa anaangalia ramani, akasema hapa ndipo, tunaingia Austria. Nikaangalia chini. Theluji huku, theluji huku. Nikaogopa kuliko asubuhi."

Jumamosi jioni Rispah alituma picha. Moffat alikuwa na suti nyeusi, mabega matupu, amemshika Kawira mkono, na wote wawili wameangalia chini kama watu wanaohesabu ngazi. Mama mkwe Mjerumani alibeba kiondo chake begani juu ya gauni la hariri. Jocelyne alimwonyesha Denise picha ile jikoni, maji ya bukari, ugali wa kwao, yakichemka, na kwa kuwa Denise alitaka kujua mkasa wote, akamsimulia: nyua mbili, kijana wa miwani, mzee wa majani.

Denise alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa Kiswahili, ambacho hukitumia akitaka kumchokoza mama yake, akauliza, "Na huko njiani waligongewa wapi?"

"Huko hawakugongewa," Jocelyne alisema. "Huko walifutiwa."

"Sasa hiyo ni nini, Mama? Walitoka ama hawakutoka?"

Jocelyne akashika mwiko, akaanza kumimina unga.